Pima Sakafu Kabla ya Lita: Kuchagua Tangi la Kuzalishia Sikilidi Wadogo Mombasa

Chukua matangi mawili ya kioo, yote ya lita 81. Moja lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 45. La pili lina urefu uleule wa 60, ila upana wake ni 45 na kimo ni 30. Ukiyakuta dukani, jicho litakwenda kwa la kwanza: limesimama wima, linang'aa, litapendeza sebuleni. Kwa kuzalisha sikilidi wadogo, chukua la pili. La kwanza lina sakafu ya sentimita za mraba 1,800 na la pili 2,700, yaani nusu zaidi kwa maji yaleyale. Tena la pili linakula kioo kidogo, mita ya mraba 0.90 dhidi ya 0.99, na kwa kuwa kina chake ni kifupi halihitaji kioo kinene.

Sikilidi ni ukoo wa perege na tilapia, na tabia ni ileile: mwenye kutaga anataka kiwanja. Wadogo hawa, wa sentimita 3 hadi 10, wanataga chini, wanalea chini na wanapigana chini. Maji ya juu ni ya kupita tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na tangi la lita 100 na bado jike akafa kwa kipigo, huku jirani yake anavuna vifaranga kwenye lita 60.

Lita zina kazi yake, na tutazifikia kwenye joto na uchafu. Kwanza ndoa.

Hatua ya 1: Jua ndoa ya samaki wako

Kuna ndoa za aina tatu, na kila moja ina sakafu yake.

Ya kwanza ni mume mmoja na mke mmoja. Hapa wamo ramirezi (Mikrogeophagus ramirezi), wa mbuga za mto Orinoco huko Venezuela na Kolombia, na kribensi (Pelvicachromis pulcher), wa mito ya kusini mwa Naijeria. Ramirezi hafiki zaidi ya sentimita 6 au 7, hutaga juu ya jiwe bapa lililo wazi, na jozi moja iliyo peke yake inatosheka na sakafu ya 60 kwa 30. Kribensi dume hufika sentimita 10. Wao hutaga pangoni, na wakishapata watoto hugeuka askari: wasio wao wote husukumwa mpaka kona ya mwisho. Jozi ya kribensi ipewe 60 kwa 45, au 80 kwa 35. Ukitaka kuwachanganya na samaki wengine usishuke chini ya 90 kwa 45, na hata hapo hao wengine wawe wa kuogelea juu.

Ya pili ni mitala. Apisto wengi (sikilidi wadogo wa Amerika Kusini, jenasi ya Apistogramma) wanaishi hivyo, na anayefaa kuanza naye ni Apistogramma cacatuoides, kwa sababu anavumilia maji yasiyo laini sana. Dume ana sentimita 8, jike 5. Kila jike hushika duara la kama sentimita 30 kuzunguka pango lake, na dume huzungukia wake zake wote. Kwa hiyo mke mmoja anataka urefu wa 60, wawili 80, watatu 100 na zaidi. Sehemu wanayokosea wengi ni kumnunulia dume mmoja mke mmoja na kuwaweka kwenye tangi la sentimita 45. Siku tatu za mwanzo ni amani. Jike akishataga, anageuka njano kama embe bivu, na sasa anayepigwa ni mume. Kwenye sentimita 45 hana pa kukimbilia. Utamkuta amejibana juu nyuma ya filta, mapezi yamechanika.

Ya tatu ni ukoo mzima katika mtaa mmoja. Huyu ni Neolamprologus multifasciatus, tumwite multi, wa Ziwa Tanganyika, ziwa letu wenyewe wasemaji wa Kiswahili. Anaishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Dume ana sentimita 4 na nusu, jike 3. Anza na sita kwenye sakafu ya 60 kwa 30. Baada ya mwaka wanaweza kufika thelathini, wakubwa kwa wadogo, na wazazi hawawali watoto wao. Hawa ndio samaki pekee katika mwongozo huu wasiohitaji tangi la pili.

Yuko apisto mmoja wa kumwepuka hapa Pwani: Apistogramma borellii. Ni mzuri, ni mpole, lakini kwao ni bonde la mto Paraguay, na anapenda maji ya ubaridi. Kwa joto la Mombasa ataishi maisha mafupi.

Hatua ya 2: Maji yako ndiyo yanachagua

Maji ya bomba ya Mombasa yanatoka mbali na si ya chanzo kimoja: kuna ya chemchemi za Mzima kule Tsavo, ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, ya Marere huko Shimba Hills na ya Tiwi. Maji ya visima vya mtaani ni habari nyingine. Kisiwa na sehemu kubwa ya ukanda wa bahari vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na kisima kilicho karibu na bahari hupata na chumvi juu yake. Maji ambayo sabuni haitoi povu ni maji magumu. Ukinunua ya boza au ya mkokoteni, yapime kila yanapoletwa, maana ya leo yanaweza kuwa ya bomba na ya Jumanne yakawa ya kisima.

Pima vitu viwili kwa karatasi za kupimia: pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, na ugumu. Multi anataka pH 8 au zaidi na ugumu wa digrii 10 hadi 20 za Kijerumani (digrii moja ni miligramu 17.8 kwa lita). Kwake maji magumu ya kisima ni baraka, mradi hayana ladha ya chumvi ulimini. Kribensi anaridhika na pH 6.5 hadi 7.5, ugumu wa 5 hadi 15. Cacatuoides huenda mpaka digrii 10 na akazaa. Ramirezi atakula, atang'aa na hata atataga kwenye maji magumu, kisha mayai yatageuka meupe siku ya pili. Yeye anataka ugumu chini ya digrii 6 na pH kati ya 5.5 na 6.8.

Maji laini ya bure ni ya mvua. Acha mvua ya kwanza ya masika ioshe mabati kwa nusu saa au zaidi, hasa kama nyumba iko karibu na bahari na paa limepakwa chumvi na upepo; kisha kinga. Mabati mapya ya zinki, yanayong'aa bado, yaache: zinki huyeyuka kwenye maji laini na inaua samaki. Kuchanganya ni hesabu ya mitungi. Mtungi mmoja wa maji ya digrii 15 ukiongezwa mitungi miwili ya mvua unatoa mitungi mitatu ya digrii 5.

Hapa ndipo ukubwa wa tangi unapoamuliwa na kitu ambacho wengi hawakifikirii: pipa. Tangi la 60 kwa 45 kwa 30, ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, linabaki na maji halisi lita 65 hivi. Kubadilisha asilimia 30 kwa wiki ni lita 20, mtungi mmoja. Tangi la 100 kwa 40 kwa 40 linabaki na lita 130, na linataka mitungi miwili kila wiki. Vuli ikiisha Desemba, mvua ya kuaminika inarudi Aprili; hizo ni wiki kumi na mbili au kumi na nne. Pipa moja la lita 200 litalisha tangi la kwanza wiki kumi za maji matupu ya mvua, na zaidi ukichanganya. Tangi la pili litalimaliza kwa wiki tano. Asiye na pa kuweka zaidi ya pipa moja, na anataka ramirezi, asiagize tangi la futi tatu. Pipa lenyewe lifunikwe kabisa, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi saa 24 na pampu ya hewa ndani yake, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kuyamimina moja kwa moja kunaua vifaranga kwanza, halafu bakteria wa filta.

Hatua ya 3: Joto, hewa, na kwa nini usiende chini ya lita 50

Hapa Mombasa hita haihitajiki. Miezi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, chumba cha ghorofa ya juu kabisa chini ya zege kinaweza kuyafikisha maji digrii 31 au 32. Maji ya digrii 25 yanashika oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Ya digrii 30 yanashika 7.5. Papo hapo, samaki aliyepashwa joto anapumua zaidi. Tangi la lita 25 linapanda na kushuka joto na jua la dirishani. La lita 60 na zaidi linakwenda polepole, na samaki huvumilia polepole.

Kuna na hesabu ya amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na chakula kinachooza. Kwenye pH 7 na joto la digrii 25, sehemu isiyofika moja katika mia ya amonia yote ndiyo yenye sumu kali. Kwenye pH 8 na digrii 30, sehemu hiyo ni zaidi ya saba katika mia. Yaani chakula kilichozidi ambacho kingesamehewa kwenye maji laini ya ubaridi, kwenye tangi la multi lenye maji ya kisima mwezi wa Machi kinaua usiku mmoja. Maji mengi yanapunguza makali hayo. Kwa hiyo hata kama sakafu ya 45 kwa 30 ingeweza kubeba multi wanne, lita zake 40 za nje, ambazo ni kama 32 za ndani, ni chache mno kwa hali ya hewa yetu. Weka mpaka wako kwenye lita 50.

Namna ya kupooza: weka tangi chumba cha chini au upande unaopigwa na upepo wa bahari, mbali na ukuta wa magharibi unaobeba jua la alasiri. Badala ya kifuniko cha kioo, tengeneza fremu ya mbao na kuiwamba kitambaa cha chandarua. Samaki hawaruki nje, mbu hawatagi ndani, na mvuke unatoka. Feni ndogo ikielekezwa juu ya maji inashusha digrii moja au mbili, wakati mwingine zaidi usiku usio na unyevu mwingi. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa ya mvua, kwa sababu mvuke unaondoka na kuacha chokaa na chumvi nyuma.

Joto linaamua na jinsia. Kwa apisto wengi, joto la wiki za kwanza za maisha ya kifaranga linasukuma uwiano: kadiri lilivyo juu ndivyo madume wanavyozidi. Ukiwalea kwenye digrii 30 utapata madume wengi wa rangi na majike wa kuhesabu kwa vidole, wakati ndoa yao ni ya mitala. Kwa hiyo apisto wazalishwe Juni hadi Agosti, msimu wa kipupwe, maji yakiwa digrii 25 au 26. Kribensi ana hali yake: kwake kinachosukuma ni pH, maji ya asidi yakileta madume zaidi. Ramirezi ndiye mwana wa kaskazi. Digrii 28 hadi 30 ndizo anazozitaka.

Hatua ya 4: Hesabu tangi la pili kabla ya kulipia la kwanza

Jozi ya kribensi au ramirezi inaweza kukupa vifaranga 100 hadi 200 kwa mkupuo. Tangi la kuzalishia linawatosha wiki tatu au nne. Baada ya hapo wanafika sentimita moja na zaidi, wazazi wanataka kutaga tena, na watoto waliolindwa jana wanafukuzwa leo kama wageni.

Kipimo tunachotumia: kifaranga wa sentimita 1 apewe nusu lita, wa sentimita 2 apewe lita mbili, na maji yabadilishwe asilimia 30 mara mbili kwa wiki. Vifaranga 80 wa sentimita 2 ni lita 160. Ukibana zaidi ya hapo hawafi mara moja. Wanadumaa, wachache wanakuwa wakubwa na kuwameza wenzao, na baada ya miezi mitatu una samaki ishirini.

Tangi la kulelea si lazima liwe la kioo. Pipa la plastiki la bluu la lita 200, lililobeba vyakula, likipasuliwa kwa urefu linatoa mabeseni mawili mapana na mafupi, ndilo umbo lenyewe tunalolitaka. Liegemeze kwenye fremu ya mbao lisiyumbe. Lililobeba sabuni au dawa liache, hata likioshwa mara ngapi. Nusa mdomo wake na umwulize muuzaji. Kama bajeti inatosha tangi moja kubwa la kioo au moja la wastani pamoja na pipa, chukua la wastani na pipa bila kusita.

Hatua ya 5: Kwa fundi wa vioo

Mafundi wetu wanapima kwa inchi, kwa hiyo geuza kabla hujaenda: 60 kwa 45 kwa 30 ni inchi 24 kwa 18 kwa 12. Jitayarishe kuulizwa, “Hili ni tangi ama sinia, bwana?” Mjibu, “Nataka sinia hasa, fundi,” na umpe orodha ya vipande ili asibadilishe njiani.

Kwa kioo cha milimita 5, kuta zikisimama juu ya sakafu: kipande kimoja cha sentimita 60 kwa 45, viwili vya 60 kwa 29.5 (mbele na nyuma), na viwili vya 43.8 kwa 29.5 (ubavuni). Hiyo 43.8 imetoka hapa: 45, toa sentimita moja ya unene wa kioo mbili, toa milimita 2 za nafasi ya silikoni. Fundi akikata 45 kamili, kuta zitatokeza nje ya sakafu na gundi haitashika chini. Ukitaka 80 kwa 35 kwa 40, tumia kioo cha milimita 6 na umwambie aweke mikanda miwili ya upana wa sentimita 5 juu, mbele na nyuma, kuzuia kioo kisitune katikati. Kwa futi tatu na kuendelea usikubali chini ya milimita 8.

Kingo zote zipigwe msasa. Silikoni iwe ile inayonuka siki ikikauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na itaua mayai bila wewe kujua sababu. Futa kingo kwa spiriti kabla ya gundi. Acha siku saba. Kisha lijaze nje ya nyumba, juu ya kitu kilicho sawa, saa 48, na upitishe kidole kikavu kwenye kila kiungio cha chini. Likivuja, usipake silikoni juu ya ile ya zamani, haishikani. Kata, kwangua, anza upya.

Tangi la 60 kwa 45 kwa 30 likijaa lina karibu kilo 100, uzito wa mifuko miwili ya simiti. Meza ya chakula ya miguu myembamba siyo mahali pake. Chini yake weka foma nyeupe ngumu, ile inayofungiwa televisheni, unene wa sentimita 1, ili punje ya mchanga isije ikapasua sakafu.

Hatua ya 6: Gawa sakafu kama mtu anayegawa viwanja

Mchanga kwanza. Dondosha siki juu ya kila mchanga na kila jiwe. Kikitoa povu kina chokaa. Mchanga wa fukwe zetu na mawe ya matumbawe ya kujengea vyote vinatoa povu: ni vya multi tu, baada ya kuoshwa chumvi mara nyingi. Kwa wengine tumia mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Kina sentimita 3, ila multi wapewe 5, maana wanachimba mchana kutwa na kuzika makombe yao mpaka mdomo tu ndio unaonekana.

Kwa mapango, hakuna kinachoshinda kifuu cha nazi. Kwangua nyama yote, chemsha mara tatu, kila mara ukimwaga maji, mpaka yasitoe rangi nzito. Pasua ukingoni mlango wa nusu duara: sentimita 2 hadi 2.5 kwa apisto, jike aingie na dume abaki nje, 3.5 hadi 4 kwa kribensi, kwa sababu kwao baba na mama wanaingia wote. Mlango ukiwa mpana mno jike hatautaka, utamwona anachimba mchanga na kuuziba mwenyewe kwa mdomo. Kila jike apate mapango mawili ya kuchagua. Gae la chungu lililolazwa nalo linafaa.

Milango isitazamane. Panga mawe au gogo katikati, kimo cha sentimita 12 hadi 15, wake wenza wasionane wakiwa wamesimama milangoni kwao. Jaribu kwa kuinama mpaka jicho lako lifike usawa wa mchanga, mbele ya pango la kwanza: ukiona mlango wa pili, samaki naye ataona. Tangi la 80 lililogawanywa vizuri linalipita kwa amani tangi la 100 lililo wazi kama uwanja wa mpira.

Multi wape makombe 20 hadi 30. Baada ya mvua utayaona makombe ya konokono wakubwa wa nchi kavu yametapakaa vichakani. Chagua ya sentimita 4 au 5 yaliyo matupu, yachemshe dakika ishirini, suuza ndani kabisa. Yana chokaa, kwa hiyo usiyaweke kwa ramirezi.

Ramirezi na apisto watie majani ya mkungu. Miti hiyo imejaa mjini, na majani yakianguka yenyewe, makavu na ya kahawia, ndiyo wakati wake. Yaoshe, tia mawili au matatu kwa lita 65. Maji yatapata rangi ya chai hafifu, pH itashuka kidogo kama maji ni laini, na juu ya jani linalooza watazaliwa wadudu wadogo wasioonekana, chakula cha kwanza cha vifaranga.

Hatua ya 7: Kuwasha, kutaga, na vifaranga

Filta iwe ya sponji inayovutwa na pampu ya hewa. Za nguvu zinanyonya vifaranga. Pampu ikae juu ya usawa wa maji au iwe na vali ya kuzuia, kwa sababu stima ikipotea maji hurudi kwa mpira mpaka ndani ya pampu. Nunua na pampu moja ya betri. Saa tano za giza kwenye maji ya digrii 30 ni hatari kwa tangi lenye watoto mia.

Liendeshe tangi likiwa tupu wiki nne hadi sita, ukitia chembe za chakula kila siku, mpaka vipimo vya amonia na nitraiti vyote visome sifuri. Sponji ya tangi la mwenzako lenye afya inafupisha muda huo.

Wazazi walishe vizuri wiki mbili kabla. Viluwiluwi vya mbu vinawatia hamu kuliko chakula chochote cha mkebe: ndoo ya maji yenye majani, kivulini, ivunwe kwa chujio la chai kila siku ya pili. Usiruhusu wiki ipite, wasije wakaruka mbu wa dengi. Ukisafiri, mwaga ndoo mchangani.

Kwenye digrii 28 mayai huanguliwa siku ya pili au ya tatu. Ramirezi huogelea siku ya tano au ya sita, kribensi na apisto karibu siku ya nane. Jozi changa ya ramirezi ikila mayai yake mara mbili tatu, usiitenganishe, wengi hujifunza. Wakiendelea, hamisha jiwe lenye mayai kwenye chombo cha lita 10 chenye maji yaleyale na hewa inayobubujika karibu.

Chakula cha vifaranga ni artemia, kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, walioanguliwa siku hiyo, na hapa Mombasa ina neema: maji ya bahari. Yateke mahali safi mbali na mkondo na bandari, yachuje kwa kitambaa. Changanya mililita 750 za bahari na 250 za bomba lisilo na klorini, kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako na kupinduliwa. Tia nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia, hewa ibubujike kwa nguvu. Saa 24 baadaye zima hewa, subiri dakika kumi, mulika tochi karibu na mdomo wa chini: rangi ya chungwa itakusanyika hapo. Toa kwa mpira, chuja, suuza kwa maji matamu, lisha mara tatu kwa siku, kidogo. Ramirezi ana mdomo mdogo, siku mbili za kwanza ategemee majani ya mkungu.

Vifaranga wakitimiza sentimita moja, wahamishe kwa kikombe, si kwa wavu, na pipa la kulelea lijazwe nusu kwa maji ya tangi lao, nusu iliyobaki iongezwe kwa siku mbili. Kribensi waliotulia hurudia kutaga kila wiki kadhaa. Kabla ya mkupuo wa pili, lile pipa liwe limeshapata wanunuzi au nafasi, na wasiotakiwa wasimwagwe mtaroni wala kwenye kisima cha mtu.